Nywele Ikirudi, Rudi

"Anti, nywele inarudi wapi?"

Nilimuuliza Phelis swali hilo nikiwa darasa la pili. Nilikuwa nimekalishwa juu ya debe lililogeuzwa, miguu inaning'inia, naye ananinyoosha nywele kwa kichana cha moto ili nikaimbe kwaya siku ya kufunga shule. Kila mara nilikuwa nasikia watu wazima wakilalamika kwamba nywele imerudi, nywele imerudi, nami nikadhani kuna mahali inakwenda. Phelis alinigonga utosini kwa mpini wa kichana, akasema mtoto anayeuliza maswali moto ukiwa karibu na sikio anataka kwenda nyumbani na sikio moja. Kisha akaniinamisha kichwa. Jibu sikupata. Kwaya tuliimba, na kabla hatujafika ubeti wa pili, nywele zangu zilikuwa zimejikunja, zimesharudi huko zinakorudi.

Wakati huo Phelis alikuwa na kibanda cha mabati pale Mogogosiek senta. Mbele ya kibanda palikuwa na barabara. Pande tatu zilizobaki zilikuwa majani chai mpaka ukutani, hivi kwamba ukifungua dirisha la nyuma, matawi yalichungulia ndani kama wateja wanaosubiri zamu. Juu ya mlango alikuwa ameandikiwa PHELIS BEAUTY PALOUR, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeita mahali pale hivyo. Watu waliita Nenda Urudi.

Jina hilo lilitoka kwa Esnah, msusi wa kibanda cha jirani. Wazazi wa Esnah na wa Phelis walitoka Kisii miaka ile ile kuja kuchuma majani, na hawa wawili wakakua pamoja, wakabatizwa pamoja, wakaanza kuchekana pamoja. Esnah alikuwa anasuka tu. Hakuwa na draya wala pasi ya nywele, na nywele iliyosukwa haina haja ya kurudi popote, kwa hivyo alikuwa na nafasi kubwa ya kucheka. Alisema mteja wa Phelis huenda nyumbani na nywele za mtangazaji wa runinga, lakini anayefika nyumbani ni yule yule wa jana.

Phelis alijaribu kila kitu. Alibadilisha mafuta. Alibadilisha shampuu. Alilaumu stima ya Mogogosiek, kwamba ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mwisho akabeba draya yake kanisani iombewe. Mchungaji aliiwekea mikono, akaimiminia mafuta ya upako, na mafuta yakapenya mpaka ndani kwenye waya. Phelis alipoiwasha nyumbani ikatoa moshi mweusi. Mchungaji alipoelezwa, alishukuru, akasema kile kilikuwa kitu kinatoka. Kweli kilitoka. Ilikuwa ni draya, na ilibidi anunue nyingine.

Na hiyo nyingine ikafanya nywele zirudi vile vile. Ndipo Phelis akaamua kwamba tatizo ni mikono yake. Alijiambia ana mikono baridi, imezaliwa hivyo, na hakuna dawa ya mkono. Akafunga kibanda, akafungasha vitu, akahamia Kericho mjini, ambako hakuna aliyekuwa anamjua.

Alipata chumba cha juu kwenye plaza mpya karibu na stendi. Mahali pale zamani palikuwa na mikaratusi na kidimbwi chenye vyura. Miti ilikatwa, kidimbwi kikajazwa kokoto, vyura wakajitafutia, halafu juu ya kila kitu pakawekwa kabro, yale matofali ya saruji ya kufunika udongo. Mwenye plaza alibakiza mnazi mmoja wa mapambo ndani ya pipa ili akiulizwa habari ya miti, awe na cha kuonyesha. Kuta zilikuwa vioo, paa lilikuwa bati, na ikifika saa nane mchana chumba cha Phelis kilikuwa kinaweza kuoka mkate. Sweta alilokuwa amelivaa maisha yake yote alilitundika kwenye msumari wiki ya kwanza, na msumari ukalizoea.

Nywele sasa. Mteja alinyooshwa Jumamosi, Jumapili akaenda kanisani nywele zimelala, Jumatatu akaenda kazini zimelala, Ijumaa akaja kupiga tu stori, bado zimelala. Phelis hakufikiria kabro. Hakufikiria mikaratusi wala vyura. Mtu akifeli hutafuta sababu mpaka kwenye waya za stima, lakini akifaulu haangalii mbali. Phelis aliangalia mikono yake, akaona imepona.

Akamwita mtu wa rangi, akamwambia aandike ubao mkubwa unaoonekana mpaka stendi: PHELIS WA MJINI. NYWELE IKIRUDI, RUDI. Maana yake ni kwamba nywele zikirudi, mteja naye arudi, atengenezwe upya bure. Foleni ikafika kwenye ngazi. Na hakuna aliyerudi kudai, isipokuwa wale walionyeshewa na mvua, na mvua Phelis alikuwa haihesabu.

Chini ya saluni palikuwa na duka la simu, na hapo alifanya kazi msichana aitwaye Nelvine. Nelvine alikuwa mtu wa Mogogosiek, binti wa mkulima wa majani, lakini alikuwa amepanga chumba mjini na nyumbani alikwenda Krismasi tu, na Krismasi alikuwa anasuka. Siku moja akapanda ngazi na kusema anaolewa. Bwana harusi alikuwa Kimutai, kijana wa kiwanda cha chai, wa sehemu ile majani mabichi yanapotandazwa na kupulizwa hewa ili yanyauke kabla ya kusagwa. Harusi itakuwa kwao Mogogosiek. Dawa ya nywele hataki, kwa sababu ilimchoma akiwa kidato cha pili. Wigi pia hataki, kwa sababu ya Kogo. Kogo ni bibi, kwa Kikipsigis, na huyu Kogo wa Nelvine alikuwa amekwisha kutangaza kwamba akiona nywele za marehemu juu ya kichwa cha mjukuu wake, atazitoa palepale mbele ya madhabahu. Hakuna aliyedhani anatania. Kwa hivyo Nelvine alitaka nywele zake mwenyewe, zinyooshwe, zifike mabegani.

Phelis alikubali hata kabla hajamaliza kuelezwa. Kumbe kuna kitu alikuwa anakitamani kuliko foleni ya kwenye ngazi: kuingia kanisa la Mogogosiek nyuma ya nywele kama zile, Esnah akiwa amekaa hapo anaona.

Siku ya harusi alimnyoosha Nelvine asubuhi mapema mpaka nywele zikateleza kama maji ya bomba. Wakasafiri na vioo vya gari vimefungwa ili upepo usiharibu kitu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na walipofika Mogogosiek jua lilikuwa ndiyo limetoka. Majani chai yalikuwa yanafuka. Mvuke mweupe ulipanda katikati ya mistari, ungedhani chini kuna watu wamewasha jiko. Phelis alishuka, akasikia baridi ya unyevu inamwingia kwenye mikono, akakumbuka sweta lake lililobaki kwenye msumari. Mawazo yake yaliishia kwenye sweta.

Mchungaji alikuwa yule yule wa draya. Alianza kwa kusalimia wageni, na alikuwa anawasalimia ukoo kwa ukoo. Madirisha ya kanisa yalikuwa wazi, na nje ya madirisha ni majani tu. Katika sala ya pili Phelis alifungua jicho moja, akaona kishungi kimejikunja nyuma ya sikio la bibi harusi. Akafunga jicho na kusali kwa bidii kuliko mchungaji. Alipofungua tena, nywele zilikuwa zimeacha mabega. Mahubiri yalikuwa juu ya subira, marefu, na kadiri subira ilivyofafanuliwa ndivyo nywele zilivyopanda: kidevu, shavu, sikio. Shela ikaanza kuinuka yenyewe, polepole, kama kifuniko cha sufuria ya uji unaotaka kumwagika. Kimutai alipoambiwa afunue uso wa mkewe, alikuta kazi imeshafanywa nusu.

Kogo alikuwa kiti cha mbele. Kiswahili cha Kogo hugeuza kila g kuwa k, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Hii nywele si ilipikwa pasi asubuhi?" akauliza kanisa zima. "Mbona imekuwa mbichi tena?"

Watu walicheka mpaka mchungaji naye akashika mimbari. Na kutoka viti vya nyuma, kwa upole kabisa, kama mtu anayeitikia sala, Esnah akasema: "Nenda Urudi."

Picha zilitoka zote. Katika kila picha bibi harusi alikuwa mrefu kidogo kuliko katika ile iliyotangulia.

Wiki iliyofuata Nelvine alipanda ngazi za plaza, akapita foleni, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alielekeza kidole juu kwenye ubao.

"Anti, imerudi," akasema. "Na mimi nimerudi."

Phelis alimnyoosha bure, wateja wote wakiangalia. Nywele zikakaa wiki nzima. Jumamosi Nelvine akaenda kwao, akarudi nazo zimesimama. Phelis akanyoosha tena. Zikakaa, Nelvine akaenda kwao, zikasimama. Mara ya tatu Phelis alishindwa kuvumilia, akamwambia wazi kwamba anaziosha kwa siri ili amwaibishe. Nelvine akaapa kwa Kogo, na kiapo hicho si cha mchezo. Kisha akatoa lake la moyoni. Kogo amekataa kutundika zile picha, anasema hiyo ni harusi ya mtu mwingine. Kwa hivyo picha zitapigwa upya, Kogo na bibi harusi, na majani nyuma. Nywele zikirudi siku hiyo, yeye Nelvine atapanda juu ya ngazi na rangi nyeusi, aupake ule ubao kuanzia P mpaka mwisho.

Phelis aliitazama mikono yake. Ubao ule ndio uliokuwa umefuta jina la Nenda Urudi. Bila ubao, mikono yake ilikuwa baridi tena. Akasema kabla ya siku hiyo ya picha atamnyoosha tena, halafu atasafiri naye mpaka Mogogosiek, macho juu ya nywele njia nzima, kama askari na mshukiwa.

Walikwenda na Probox ya Kimutai. Phelis alikaa nyuma ya Nelvine na kuamuru vioo vyote vifunguliwe ili kesi iwe ya haki. Walipita stendi, nywele zimelala. Walipita maduka ya mabati, walipita sehemu ya kuosha magari, zimelala. Walifika kituo cha petroli cha mwisho barabara ya kwenda Litein, chenye kabro pana iliyokuwa inawaka jua, zimelala. Baada ya petroli kuna mtaro, na baada ya mtaro majani yanaanza, huku na huku. Gari lilipovuka tu, Kimutai akafunga kioo chake bila kuambiwa. Nelvine akaingiza vidole kwenye mikono ya blauzi. Phelis akajikuta anavuta leso mabegani. Na hapo, mbele ya macho yake, kishungi kimoja nyuma ya sikio kikaanza kujikunja taratibu kama konokono anayerudi ndani.

"Simama," akasema Phelis. "Kimutai, kwa nini umefunga dirisha?"

Kimutai alishangaa. Akasema hapo kila mtu hufunga. Ni baridi. Tangu azaliwe hapo huwa ni baridi.

Phelis alishuka. Akatembea mpaka kwenye kabro ya petroli, akavua leso. Akavuka mtaro, akaingia kwenye majani, akajifunika leso. Akarudi kwenye kabro, akavua. Akarudi kwenye majani, akajifunika. Mhudumu wa pampu alimwangalia kwa muda, kisha akamuuliza mama amepoteza nini. Phelis akamjibu anatafuta mahali baridi inaanzia. Mhudumu akarudi kwenye pampu yake bila swali la pili.

Kimutai alikuwa amekuja nyuma yake, na alipoelewa anachotafuta, akacheka. Akasema hiyo ndiyo shida yao kiwandani kila siku. Majani yakitandazwa hupulizwa hewa, na hewa ikiwa kavu hunywa maji ya majani yakanyauka vizuri. Lakini siku kama ile ya harusi hewa yenyewe imeshiba, haiwezi kunywa tena, na majani yanakaa mabichi mpaka wasimamizi wanagombana.

"Kwa hivyo majani pia inarudi," akasema Phelis.

"Inakataa hata kuenda."

Akamwonyesha yale majani ya barabarani. Mizizi inavuta maji chini kutwa nzima, akasema, na majani yanayatoa hewani. Jua la huku lina kazi, linakausha. Mjini mvua ikinyesha maji hukimbilia kwenye mitaro, hakuna udongo wa kuyanywa wala mti wa kuyapumua, na jua likitoka linakuta lami na mabati tu. "Jua la mjini halina kazi, anti. Ndiyo maana linachoma watu."

Phelis alirudi ndani ya gari, wakaendelea mpaka Mogogosiek. Jambo la kwanza aliloliwaza lilimfurahisha: miaka yote ile mikono yake haikuwa baridi. Jambo la pili lilifika baada ya kona chache, na halikumfurahisha hata kidogo. Kama mikono haikuwa baridi Mogogosiek, basi mjini nayo haikupona. Foleni ya kwenye ngazi, ubao unaoonekana mpaka stendi, sifa zote, ilikuwa ni kabro.

Ilibaki siku ya picha. Phelis alipendekeza zipigwe mjini, mbele ya plaza. Kogo aliletwa, akaona mahali penyewe, akakataa kushuka kwenye gari.

"Mimi sipikwi picha mbele ya benki," akasema, kwa kuwa kwake jengo lolote la vioo ni benki. "Lakwet, mimi nataka majani."

Lakwet ni mtoto, na aliyeitwa mtoto alikuwa Phelis, mwenye mvi mbili tatu tayari. Akajua hapo hakuna mjadala. Akawaza kidogo, akamwambia Kimutai awapeleke petroli.

Gari lilikwenda na vioo vimefungwa. Nelvine alishuka dakika ya mwisho na gauni lake la harusi, akasimamishwa kwenye ukingo wa kabro, nyuma yake ng'ambo ya mtaro majani ya kijani mpaka mwisho wa macho. Kogo alitakiwa kusimama kando yake, lakini alikanyaga kabro mara moja tu, akasema inampika miguu, na hapo hakuna aliyejua kama anamaanisha kupiga ama kupika, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli. Akavuka mtaro, akasimama kwenye majani na kunyoosha mkono, akamshika mjukuu wake kutoka huko. Phelis akamwambia mpiga picha afanye haraka. Lakini Kogo alikuwa na la kusema, na miwani ya kuvaa, na kisha miwani ya kuvua, na kaupepo kakaanza kutoka upande wa majani.

Picha hiyo sasa imetundikwa saluni. Upande wa petroli nywele za Nelvine zimelala mpaka begani. Upande wa Kogo zimepanda juu ya sikio na kukaa hapo kama kuku aliyeatamia. Kogo anacheka bila jino. Alipoletewa kuiona, aliweka kidole upande uliosimama, akasema huyo ndiye mjukuu wake, na yule mwingine ni rafiki yake wa mjini.

Nelvine alicheka naye, na hakupanda ngazi na rangi nyeusi. Alisema tu kwamba ubao bado unadanganya. Phelis mwenyewe ndiye aliyemwita mtu wa rangi. Tangu siku hiyo ukasomeka: NYWELE IKIRUDI, RUDI. MWISHO NI PETROLI. Vijana wa boda walikuwa wanapanda ngazi kuuliza kama kuna petroli ya kopo.

Likizo iliyopita, nikiwa kidato cha tatu, nilikwenda hapo kunyooshwa. Ubao ulikuwa umevimba kwa rangi. Neno PETROLI limepakwa na kuandikwa juu yake DARAJA, lile la mbele ya petroli ukielekea Litein, na kwenye DARAJA mtu wa rangi alikuwa ameanza kupaka tena. Nilipokuwa nakuja nilikuwa nimeona ni kwa nini. Majani yaliyokuwa nyuma ya Nelvine kwenye picha hayapo. Pana vigingi vya ploti, magorofa ya mawe, duka la mabati, sehemu nyingine ya kuosha magari, na kabro imevuka mtaro. Sweta la Phelis bado liko kwenye msumari wake, na vumbi limelala mabegani.

Nilikaa. Kichana kilipokaribia sikio, nikamuuliza lile swali langu la darasa la pili, neno kwa neno. Hakunigonga. Aliweka kichana chini.

"Wakati ule uliniuliza, ilikuwa inarudi hata mtu hajatoka kwa mlango wangu. Nikaja huku, ikawa inarudi pale petroli. Halafu daraja. Saa hii inarudi mbele ya daraja, na Nelvine ananiambia kwao senta wameanza kuchimba waweke kabro, miti ya barabarani imeshaenda. Esnah amefurahi, eti sasa atanunua draya. Mimi kila siku namwita huyu mtu wa rangi anisogezee mwisho. Siku nywele itakosa mahali pa kurudi, sijui nitamwambia aandike nini. Haya, inamisha kichwa."